Kapteni wa Ndoo na Kadi za MV Subira

Nimerudi juzi, na tangu nishuke kwenye kosta cherehani yangu haijapumzika wala haijashona. Kila anayeleta kitambaa anakiweka pembeni, anavuta kigoda, anataka kwanza kujua ilikuwaje huko Korogwe. Mama Asha nimemsimulia mara mbili, na mara ya pili akawa ananisahihisha. Basi nimeamua niandike yote mara moja, anayetaka kusoma asome, na nguo za watu zishonwe.

Handeni, kabla sijaondoka

Wengi mnamjua baba yangu, Mzee Mhina. Ni Mzigua wa hapahapa Handeni, ambako maji tunayajua kwa madumu. Ujanani alikimbia mashamba ya mkonge akaenda Kanda ya Ziwa, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mshika usukani wa meli ya abiria, MV Subira, iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mwanza kwenda visiwa vya Ukerewe. Sanduku lake la picha lililiwa na mchwa kabla mimi sijaanza shule. Kwa hiyo tumekua na meli ya mdomoni tu, na mimi nakiri kuna siku nilikuwa nasinzia inapotia nanga.

Mwezi uliopita, kwenye kijiwe cha kahawa, Mzee Sefu muuza mbao alimkatisha katikati ya dhoruba. Akamwambia aseme ukweli, kwamba kazi yake ilikuwa kubeba mikungu ya ndizi bandarini na usukani aliuona kwa mbali. "Shahidi wako nani?" akamuuliza. Baba akafungua kinywa. Akatazama ng'ambo ya barabara, dukani, ambako mama alikuwa akinunua chumvi. Mama akainama kuangalia chumvi yake. Baba akafunga kinywa.

Kesho yake walimwona akitoka bombani na ndoo, wakampa jina: Kapteni wa Ndoo. Watoto nao wakalidaka. Baba akaacha kwenda kijiweni. Akahamishia kiti chake nyuma ya nyumba, akawa anakaa ameelekea ukuta, na ugali anaubakiza nusu. Wiki tatu hivyo. Mtu wa miaka themanini akianza kuelekea ukuta, wanawe lazima washtuke. Niliogopa kwamba baba yangu atazikwa na jina lile.

Nilimgeukia mama, nikamwomba aseme chochote, hata kwamba amewahi kuisikia meli hiyo. Akanijibu kwamba yeye hajui mambo ya meli. Nilikasirika sana, maana mama huyuhuyu ndiye anayetutambia kila siku kwamba yeye ni mtoto wa ziwa. Wazazi wake walitoka Ukerewe wakaja kukata mkonge Korogwe, na kila tukigombania dumu la maji anatuambia sisi Wazigua wa nchi kavu tutajua nini, yeye maji yako kwenye damu. Yeye na baba walikutana Korogwe, kwenye foleni ya mafuta ya taa. Ndivyo tulivyoambiwa siku zote.

Nikakumbuka kwamba zamani baba alikuwa akimtumia dada yake kadi za posta zenye picha ya meli. Shangazi yuko Magoma, mzima. Nikampigia simu, mtandao ukawa unakatika, nikamwambia kwa kelele: "Shangazi, nakuja kwa ajili ya kadi." Simu ikakatika. Kumbe sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Handeni hadi Korogwe, kupitia mbuzi wa Sindeni

Niliaga kwamba nitarudi jioni ileile. Msinicheke.

Tulipofika Sindeni kulikuwa na mnada wa mifugo, na dereva wetu akasema anashuka dakika tano kumsalimia mkwewe. Konda akashuka kumtafuta dereva. Abiria wawili wakashuka kumtafuta konda. Baada ya saa nzima nikashuka mimi, nimejiandaa kugomba, nikawakuta wote wanne wamezunguka mbao yenye mbuzi wa kuchoma, na mkwe mwenyewe anakata. Nilifungua kinywa nigombe, akanitilia kipande cha mbavu chenye chumvi na pilipili. Ikanibidi nitafune kwanza, na hasira ikapoa njiani.

Nilikaa pale na mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akisubiri kuuza ng'ombe wake. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kutafuta meli. Alifikiri kidogo, akanielekeza kwa upole kwamba meli ziko Tanga, nimekosea gari. Nikamweleza kuwa hii ni meli ya baba, ya picha. Akauliza kama inabeba ng'ombe. Nikasema nadhani ilibeba. Akasema basi ilikuwa meli nzuri, na akaniongezea kipande chake cha ini.

Korogwe tuliingia alasiri, magari ya Magoma yameshaondoka.

Korogwe hadi Magoma, na baharia wa bodaboda

Nilichukua bodaboda. Dereva wake aliitwa Chande, mtu mzima mwenye mtoto sekondari, ila maneno yake yote yametoka Dar es Salaam. Tukiwa njiani akaniuliza safari ya nini, nami nikasema kwa sauti, kushinda upepo: "Baba yangu alikuwa baharia. Natafuta ushahidi."

Chande alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini. Akasema, "Mama, usimfuatilie mzee. Mabaharia wote tuko hivyo. Mimi mwenyewe mke wangu alitafuta ushahidi, hakuupata."

Ilinichukua karibu nusu ya njia kuelewa kwamba siku hizi huko kwao baharia ni mwanamume mwenye wanawake kila kituo. Nikamwambia kwa ukali kwamba baba yangu alikuwa baharia wa majini, mwenye gwanda na kofia, mtu wa heshima zake. Chande akaomba radhi. Kisha, baada ya kona mbili, akasema kwamba hao wa majini ndio waliowafundisha wao. Laiti ningejua, ningemwomba radhi mimi.

Magoma: kadi iliyomficha shangazi

Nyumbani kwa shangazi nilimkuta jirani amekaa mlangoni kama askari. Akaniambia shangazi amesafiri, yuko Mashewa, na hajulikani atarudi lini. Wakati anasema hayo, mtu alikohoa jikoni. Kikohozi cha shangazi yangu nakijua tangu nanyonya.

Nikapaza sauti kumsalimia yule jirani, nikamweleza pole kwa pole kwamba nimekuja kuangalia kadi za posta alizotumiwa shangazi na kaka yake, zenye picha ya meli. Kisha shangazi akatoka, ana majivu kwenye nywele. Aliposikia kadi kwenye simu, alidhani nimeandaa harusi ya binti yangu na ninamletea kadi ya mchango. Mwaka huu ameshapelekewa kadi za kutosha, akasema, na kila mwenye kadi anaanza kwa kusema anakuja kumsalimia.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nilikuwa Mashewa, nimerudi sasa hivi."

Nikalala kwake. Alinipikia bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, na mchunga ule ulikuwa mchungu wa haki. Tuliokulia mjini tunausifu sana mchunga mpaka tuwekewe mbele. Nilikula wote, kwa sababu shangazi alikuwa ananitazama.

Asubuhi akatoa bahasha kutoka chini ya godoro. Ndani kulikuwa na kadi mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiona MV Subira. Kwenye kadi ya kwanza ilikuwa mpya, nyeupe, ina bendera ndogondogo kutoka mbele hadi nyuma na bomba la moshi refu kupita kiasi. Aliyeyatia maji rangi alitumia buluu ya kufulia. Nyuma baba alikuwa amemwandikia dada yake kwamba meli ni nzuri na chakula kipo. Hakusema anafanya kazi gani.

Kwenye kadi ya pili meli ilikuwa imeshazeeka kidogo. Ilikuwa na mstari wa samawati ubavuni, na turubai limefungwa nyuma ili abiria wa daraja la tatu wasiungue na jua. Nikaigeuza. Hii haikuandikwa kwa shangazi. Iliandikwa: "Mpenzi Hadija wa Kilole. Kila niyaonapo maji nakukumbuka wewe."

Nikamtazama shangazi. Akasema kwamba zote zilikuwa zinapitia sanduku la posta la shamba, yeye ndiye aliyekuwa mgawaji, na huyo Hadija hakuwa na adabu, kwa hiyo hakumpelekea. Alisema hivyo bila haya yoyote. Nikauliza kama kulikuwa na wengine. Akahesabu kwa vidole, akafika cha nne, akaacha. Alimkumbuka vizuri mmoja, Zaina, ambaye kadi yake aliipeleka mwenyewe kwa kuwa Zaina alijua kusalimia watu. Sasa ni bibi, yuko Kwamndolwa. Halafu akakumbuka jambo kubwa zaidi: kulikuwa na picha moja iliyopigwa juu ya meli yenyewe. Baba aliipeleka studio Kilole ikakuzwe, na hakurudi kuichukua.

"Kadi chukua, ila ya Hadija usimwoneshe mama yako," akaniambia tunaagana. "Na harusi ikiwepo, niambie mapema. Nisafiri kweli."

Kwamndolwa: maji yaleyale

Bibi Zaina nilimkuta anapepeta mahindi. Ni Msambaa, akanisalimia kwa Kishambaa, nikaitikia kwa Kizigua, na kila mmoja akawa anamsifu mwenzake kwa kuelewa. Nilipotaja jina la baba aliweka ungo chini.

Nilitegemea aibu, au hasira. Yeye aliniangalia kuanzia miguuni, akasema nimechukua pua, kisha akaingia ndani na kutoka na kadi iliyoning'inizwa ukutani miaka yote kando ya kalenda. Mumewe marehemu, alisema, aliipenda sana ile meli, na kwa kuwa hakujua kusoma, waliishi nayo kwa amani.

Kwenye kadi hii Subira ilikuwa imechoka. Bomba lilikuwa limekatwa likabaki fupi, na nyuma baba alieleza kwamba lile refu lilikuwa likiwamwagia abiria masizi. Herufi ya kwanza ya jina ilikuwa imebanduka, ikasomeka MV UBIRA, na hakuna aliyejali kuirudishia. Chini yake, kwa mwandiko uleule: "Kila niyaonapo maji nakukumbuka wewe."

Nikamkumbuka Chande na pikipiki yake.

Nikamuuliza bibi kwa nini hawakuoana. Akasema kadi ziliacha kuja. Alingoja, akasikia kwamba Mhina amerudi na ameoa mtoto wa Kikerewe hapo Korogwe, basi naye akaolewa na mtu wa nchi kavu ambaye hakujua kuandika, na hakujuta. Kadi akanipa. "Mpelekee," akasema. "Mwambie Zaina alikuwa anajua kwamba hayuko peke yake. Maji gani hayo yamkumbushe mtu mmoja tu."

Kilole: stakabadhi

Kesho yake asubuhi nikafika Kilole, na studio bado ipo. Aliyeifungua ameshafariki, na sasa mwanawe anapiga picha za pasipoti na kutoa kopi. Nilimweleza shida yangu. Akanisikiliza kwa makini, akanyoosha mkono na kuomba stakabadhi.

Nilimwambia stakabadhi ililiwa na mchwa pamoja na sanduku. Akasema basi mwenyewe aje asaini. Nilimwambia mwenyewe ana miaka themanini na yuko Handeni ameelekea ukuta. Akasema baba yake alimwachia wosia kwamba picha ya mtu haitolewi bila stakabadhi, maana siku moja alimpa mtu picha ya mke wa mtu na duka likavunjwa vioo. Hapo sikuweza kubishana, ni sababu ya maana. Nikakaa. Nikamwambia nitakaa mpaka afunge, na kesho nitakuja tena na mkeka.

Umeme ndio ulioniokoa. Ulikatika saa nne, kopi zikasimama, wateja wakaondoka, na yeye hakuwa na kazi. Akaanza kunitazama. Mwishowe akashusha kutoka juu ya kabati boksi lililoandikwa HAWAJAJA. Tulipitia bibi harusi, watoto wenye sare, mwanamume na redio yake. Karibu na chini kabisa kulikuwa na bahasha iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu: "Mhina. Meli. Atakuja Ijumaa." Ijumaa gani, hakuandika.

Baba yangu alikuwa kijana mwembamba, amevaa gwanda jeupe na kofia yenye nanga. Nyuma yake kuna boya, nalo herufi imebanduka, linasomeka MV UBIRA. Machozi yalinitoka. Akilini nilishamwona Mzee Sefu akimeza kahawa bila kuipoza. Kisha macho yakashuka, nikaona alichoshika mikononi.

Alikuwa ameshika ndoo.

Ameishika kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu anayemshika mtoto mchanga. Kando yake, kwenye gunia, abiria fulani ameinama, amejifunika uso kwa khanga, mkono mmoja umeng'ang'ania kiwiko cha baba. Mwenye studio akainama, akatazama, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Mzee alikuwa upande wa usafi?"

Akanipa picha bila stakabadhi. Nadhani alinihurumia.

Korogwe hadi Handeni, na mkasi mkobani

Safari ya kurudi haikuwa na mbuzi wala mnada, na nilitamani ingekuwa navyo. Nilikuwa nimezunguka siku tatu kutafuta ushahidi, nikaupata, na ushahidi ulikuwa wa Mzee Sefu. Kapteni wa Ndoo, na picha yake hii hapa.

Ila mimi ni fundi nguo, na mkasi hauniishi mkobani. Nikapima kwa jicho. Ukikata chini kidogo ya kifua, ndoo yote inaondoka. Inabaki kofia, nanga, gwanda na boya. Nani atajua?

Nilifika nyumbani alasiri. Baba alikuwa nyuma, kwenye ukuta wake. Sikwenda kumsalimia, Mungu anisamehe. Niliingia ndani, nikaweka picha mezani, nikaweka rula, nikafungua mkasi.

"Usikate," mama akasema.

Sikujua kama alikuwa nyuma yangu. Aliichukua picha, akasogea nayo dirishani. Kisha akaanza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, na nilipomsogelea nikaona kwamba analia pia.

"Nilimwambia aichome," akasema. "Aliniapia kwamba ameichoma."

Akaona na zile kadi zimetokeza kwenye bahasha. Akazivuta, akazisoma, ya Hadija na ya Zaina, mojamoja. Mama akazigonganisha zikae sawa. "Mimi hakuniandikia hata moja," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyenyimwa. Akanionesha herufi iliyobanduka kwenye kadi ya Zaina, kisha akanionesha boya. Kadi ya Zaina ndiyo ya mwisho; tangu safari ya picha ile hakuna mwanamke aliyepata kadi tena.

Akaenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia akimwambia baba avae kanzu.

Kijiweni

Mnajua kwamba wanawake hatukai pale. Mama alipovuka barabara na kusimama mbele ya birika, mazungumzo yalikatika. Baba alikuwa hatua mbili nyuma yake, hajui aende wapi. Mama akaweka picha juu ya meza, mbele ya Mzee Sefu.

Mzee Sefu aliitazama. Kwanza kofia, halafu chini. Akaanza kutabasamu. "Mama," akasema kwa adabu, "hii si ndoo?"

"Ni ndoo," mama akasema. "Na huyu aliyeinama ni mimi. Tulikuwa tunakwenda Ukerewe kumzika bibi yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda meli, mimi mtoto wa ziwa. Nilitapika tangu Mwanza mpaka tunatia nanga. Nahodha alimwambia, Mhina, usukani umeshauachia, zamu yako imekwisha, nenda kalale. Nilimsikia kwa masikio haya. Hakwenda kulala. Alinishikia ndoo. Nikamwambia nitaolewa naye kwa sharti moja, kwamba asimwambie mtu milele. Sasa mlikuwa mnauliza shahidi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo, dukani, penye chumvi, na nikaelewa kwa nini siku ile baba alifunga kinywa. Neno moja lingemtosha, naye akachagua kuelekea ukuta.

Mtu mmoja aliuliza meli yenyewe iko wapi siku hizi. Baba akajibu kwa sauti ndogo kwamba ilikatwa vyuma chakavu, na huenda kuna mtu hapa analimia kipande chake. Wakasogezana kwenye benchi. Mama naye akapewa nafasi, akakaa, na kashata akala.

Mzee Sefu alisuuza kikombe kwa maji mengi kuliko kawaida ya Handeni. Akamimina kahawa, akamnyooshea baba kikombe kwa mikono miwili.

"Kapteni wa Ndoo," akasema.

"Naam," baba akaitika, akapokea.